Damu Iliyovilia Ukutani

Siku ya kushua chombo Nungwi si siku ndogo. Anayesema ni siku ndogo hajawahi kusimama pwani pale akaona jahazi zima, ubao mpya unanuka mafuta ya sifa, limelazwa juu ya magogo, kamba nene zimefungwa kushoto na kulia, na wanaume kwa makumi wametoka Nungwi, Kendwa na Fukuchani kuja kuvuta. Hakuna anayelipwa. Kila mtu anajua kwamba kesho ni zamu ya chombo chake.

Siku moja ya namna hiyo, nikiwa ndiyo kwanza nimemaliza skuli, kamba ya upande wa kulia ilikatika. Chombo kikayumba kidogo tu. Lakini gogo moja la chini liliruka kama samaki, ncha yake ikampiga ami yangu tumboni, chini ya kitovu, upande wa kulia. Ami alikaa chini mchangani. Hakupiga kelele. Hapakuwa na jeraha, wala tone la damu. Watu wakasema, “Alhamdulillahi, kapona.”

Bibi yangu alipofika aliagiza vitu viwili: maji ya moto na mafuta ya nazi, achuliwe ili damu itawanyike. Hapo ndipo ami alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza.

“Mama, msinichue.”

Bibi akanyamaza. Sote tuliokuwa pale tulijua kwa nini amesema vile. Babu yangu, mume wa bibi, alianguka juu ya mnazi akafikia tumbo. Yeye naye hakutoka damu. Alichuliwa siku mbili, asubuhi na jioni, na aliyekuwa akimchua ni huyu huyu ami, kijana wakati ule, ana mikono yenye nguvu. Siku ya tatu babu alifariki. Hakuna aliyemlaumu ami. Lakini mwenyewe alikuwa akijiuliza, na jibu hakuwa nalo.

Nimeandika makala haya kwa sababu ya swali hilo. Swali lenyewe ni fupi: mtu akipigwa tumboni na damu haionekani nje, iko wapi? Binadamu amelitafutia jibu swali hili kwa karne nyingi, na historia yake imepita mpaka kwetu.

Tulimpakia ami kwenye gari. Spitali alipokelewa na daktari mwanamke, makamo ya shangazi yangu. Alimpima mapigo ya moyo na presha, akamtazama macho na viganja kama vimepauka. Kisha akamlaza chali, akabonyeza pale palipovimba kama yai la bata.

“Panauma, kaka?”

“Panauma.”

“Haya, kunja mikono kifuani. Nyanyua kichwa na mabega kidogo, kama unayetaka kuinuka. Usishike kitanda. Nabonyeza tena. Sasa je?”

“Zaidi! Wallahi zaidi!”

“Vyema,” alisema daktari.

Vyema! Nilikasirika. Mtu analia maumivu, wewe unasema vyema? Hasira ile ndiyo iliyonifanya nimsubiri mlangoni mpaka alipomaliza kazi, nikamwuliza. Naye hakunificha. Alinieleza, na aliyoniambia yalinipeleka kwenye vitabu.

Tuanze na tumbo lenyewe. Mbele ya tumbo la binadamu kuna misuli miwili mirefu, mmoja kulia na mmoja kushoto, inayoshuka kutoka mbavuni mpaka mfupa wa kinena. Kila msuli umevikwa ala yake, kama jambia linavyovikwa ala. Nyuma ya msuli, ndani ya ala ile, inapita mishipa ya damu: mmoja unashuka kutoka kifuani, mwingine unapanda kutoka kinenani, ikakutana jirani na kitovu. Huu ndio tunaouita ukuta wa tumbo. Nyuma ya ukuta kuna utando, na nyuma ya utando ndipo penye nyumba yenyewe: utumbo, ini, bandama na vinginevyo.

Basi pigo likija, damu inaweza kumwagika mahali pawili. Inaweza kuvilia ukutani, ndani ya ala, ikafanya uvimbe. Au inaweza kumwagika ndani ya nyumba, pale ini au bandama linapopasuka. Kwa nje yote mawili ni tumbo linalouma. Lakini la kwanza mara nyingi hupona kwa kupumzika, na la pili linaweza kumwua mtu kabla ya adhuhuri. Kutofautisha haya mawili ndiyo kazi yenyewe.

Watu wa kale walijua sehemu tu ya habari hii. Galen, tabibu wa Kigiriki, alitibu wapiganaji wa michezo ya panga katika mji wa Pergamon karne ya pili baada ya Nabii Isa, akaona matumbo yaliyopasuliwa. Al-Zahrawi wa Cordoba, aliyefariki karibu na mwaka 1013, aliandika kitabu cha tiba chenye sehemu 30, na katika sehemu ya mwisho akaeleza upasuaji pamoja na michoro ya vyombo vyake. Alikuwa akishona kwa nyuzi za utumbo wa mnyama. Huko Misri, Ibn al-Nafis katika karne ya 13 alieleza njia ya damu kupita kwenye mapafu, na mwaka 1628 Mwingereza William Harvey akaeleza kwamba damu inazunguka mwili mzima, inakwenda na kurudi. Lakini wote hao walikuwa hodari wa jeraha lililo wazi. Jeraha lililojificha lilibaki fumbo, kwani ngozi ya binadamu si kioo.

Njia ya kwanza ya kulifumbua fumbo bila kisu ilikuwa kugonga. Mwaka 1761, mjini Vienna, daktari Leopold Auenbrugger alitoa kijitabu akieleza kwamba ukigonga kifua cha mgonjwa kwa vidole, sauti hukwambia kama ndani mna hewa au maji. Inasimuliwa kwamba fikra hii aliitoa utotoni, kwani baba yake alikuwa na nyumba ya wageni, na mapipa yalikuwa yakigongwa ili kujua kinywaji kimebaki kiasi gani. Niliposoma haya nilicheka peke yangu. Mafundi wetu wa vyombo Nungwi hufanya hivyo kila siku: fundi hugonga ubao kwa kisigino cha tezo, anasikiliza, anasema, “Huu umeoza ndani, utoe.” Wenzake Auenbrugger walimpuuza kwa miaka mingi. Laiti wangewauliza mafundi!

Sasa hebu tumpige ami yangu na gogo lile lile, lakini mwaka 1896, mjini Unguja. Tarehe 27 Agosti mwaka ule manowari za Kiingereza zilipiga mizinga jumba la Sultani, ambamo Khalid bin Barghash alikuwa amejitangazia utawala. Vita vile havikufika hata saa moja. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa, majumba yakabomoka, na meli ya Sultani iitwayo Glasgow ikazama bandarini. Fikiria mtu aliyeangukiwa na boriti tumboni siku ile. Angepelekwa wapi, na angefanyiwa nini? Miali ya eksirei ilikuwa imegunduliwa Ujerumani mwezi Novemba 1895, haijatimiza hata mwaka. Makundi ya damu hayakujulikana. Karl Landsteiner aliyatangaza mwaka 1901 huko Vienna. Pale Mizingani jengo zuri la Tharia Topan, lililowekewa jiwe la msingi mwaka 1887 kwa nia ya kuwa spitali ya maskini, lilikuwa limekamilika miaka miwili tu nyuma, na mwenyewe Tharia alikwisha kufa mwaka 1891. Baadaye lilikuja kuwa dispensari, na mpaka leo watu wanaliita Dispensari ya Zamani. Balkoni zake zinapigwa picha na watalii, lakini kwa aliyevilia damu tumboni mwaka ule, balkoni hazikuwa na faida.

Kwa hiyo wazee wetu walikuwa na walichokuwa nacho: chuku, kuchua, kukanda kwa maji moto, manjano na mafuta. Mimi siwacheki. Kwa misuli iliyochoka baada ya kuvuta nyavu, mkono wa bibi unashinda dawa nyingi za dukani. Lakini mshipa uliopasuka ni kitu kingine. Damu inapotoka, mwili huanza kuiziba wenyewe kwa kuigandisha. Joto hupanua mishipa, na kuchua hukibandua kile kidonge cha damu kilichokwisha kuziba tundu. Ni sawa na fundi kuziba ufa wa jahazi kwa kalafati, kisha mwenzake akaja kuikwangua kabla haijakauka. Chombo lazima kitavuja.

Turudi kwa lile neno “vyema”. Mwaka 1926 daktari mpasuaji wa Philadelphia, J. B. Carnett, aliandika juu ya jambo rahisi kiasi kwamba mtu hujiuliza kwa nini halikuandikwa zamani. Mgonjwa akinyanyua kichwa na mabega, misuli ya tumbo hukaza, ikawa kama ngao mbele ya viungo vya ndani. Ukibonyeza na maumivu yakapungua, basi kilichokuwa kikiuma kiko nyuma ya ngao. Yakibaki vile vile au yakizidi, kinachouma ni ngao yenyewe, yaani ukuta. Mwaka huo huo Fothergill wa Manchester akaongeza lake: uvimbe wa damu iliyovilia ndani ya ala ya msuli hauvuki mstari wa katikati ya tumbo, na mtu akikaza misuli bado unaushika kwa mkono, haupotei. Ami alilia zaidi, na yai lile la bata halikupotea. Ndiyo maana daktari akasema vyema.

Lakini hakuishia hapo, na hili ndilo nataka msomaji alishike. “Ukuta umeumia, hilo nimelijua,” aliniambia. “Lakini gogo lililoumiza ukuta linaweza kuwa limeumiza na nyumba. Kimoja hakikanushi kingine.” Zamani katika nchi zetu za malaria jambo hili lilikuwa na hatari ya ziada, kwa sababu bandama iliyovimba kwa homa za mara kwa mara hupasuka hata kwa pigo dogo. Kwa hiyo alimweka ami chini ya uangalizi, mapigo ya moyo yakawa yanahesabiwa mara kwa mara, damu ikapimwa, kisha ikapimwa tena baada ya saa kadhaa, maana kipimo cha kwanza kinaweza kumdanganya daktari: mtu anayevuja haonyeshi upungufu mara moja. Halafu akampiga picha ya altrasaundi.

Mashine hii nayo ina kisa chake. Katika miaka ya 1950, mji wa Glasgow huko Uskoti ulikuwa mji wa viwanda na wa kuunda meli. Viwandani walikuwa na chombo cha kupeleka sauti isiyosikika ndani ya chuma ili kutafuta ufa uliojificha. Mwaka 1955 daktari wa wanawake, Ian Donald, alichukua vinyama vilivyotolewa kwa wagonjwa wake, akavipeleka kwenye kiwanda cha matangi ya mvuke huko Renfrew, akavipima kwa chombo kile. Mwangwi ukarudi tofauti kwa kila aina ya uvimbe. Mwaka 1958 yeye na wenzake wakachapisha matokeo yao juu ya uvimbe wa tumboni. Kwa hiyo jina la Glasgow limefika kwetu mara mbili: mara ya kwanza ni meli ya Sultani iliyozamishwa bandarini, mara ya pili ni mji ulioleta chombo cha kuchungulia tumbo la ami yangu. Na wazo lenyewe ni lile lile la fundi na tezo: gonga, sikiliza, utajua palipooza.

Kati ya Donald na sisi kulikuwa na hatua nyingine. Mwaka 1965 daktari Root wa Marekani na wenzake walieleza namna ya kuingiza maji ya chumvi tumboni kwa mpira mwembamba na kuyatoa tena. Yakirudi mekundu, ndani mna damu. Ilisaidia wengi, lakini ilihitaji tundu. Tangu miaka ya 1970 huko Ujerumani, na miaka ya 1990 huko Marekani, altrasaundi ikachukua nafasi yake kwa majeruhi, kwani haitoboi na haichukui hata dakika kumi. Mashine kubwa zaidi, siti-skani, ilitumika kwa mgonjwa wa kwanza London tarehe 1 Oktoba 1971. Aliyeiunda, Godfrey Hounsfield, aligawana tuzo ya Nobel ya mwaka 1979 na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyeanza kuifikiria hesabu yake alipokuwa akifanya kazi spitali ya Cape Town. Mwaka 1996 madaktari wa Hispania waliitumia siti-skani kuipanga damu ya ukutani katika madaraja matatu. La kwanza, uvimbe umebaki ndani ya msuli mmoja. La pili, umetoka nje ya msuli, pengine pande zote mbili. La tatu, damu imeshuka mbele ya kibofu, na mgonjwa amepungukiwa damu mwilini. Chini ya kitovu ndiko kwenye hatari zaidi, maana ala ya nyuma huko haipo, pana utando mwembamba tu. Damu inapata uwanja.

Ami alipigwa chini ya kitovu. Altrasaundi ilionyesha kwamba ndani ya nyumba hamna damu, lakini ukutani ipo, na ya kutosha. Kipimo cha pili cha damu kilikuwa kimeshuka. Daktari akasema ataongezewa chupa moja. Wale wavuta kamba wa Nungwi, waliokuwa wamejaa uwanja wa spitali na mchanga bado miguuni, walisimama mstari kupimwa. Aliyetoa damu iliyolingana ni kijana aliyekuwa ameshika ile kamba iliyokatika.

Zaidi ya hapo tiba yake haikuwa na mbwembwe. Kulala, dawa ya maumivu isiyozidisha kuvuja damu (asprini alikatazwa kabisa), barafu iliyofungwa kitambaani kwa muda mfupi mfupi, na kuangaliwa. Zamani wengi wa namna hii walipasuliwa, ama kwa kuwa daktari alidhani ni utumbo, ama kwa kutaka kuutoa uvimbe. Leo kisu kinawekwa akiba. Damu isipokoma, penye vifaa wataalamu hupitisha mpira mwembamba ndani ya mshipa wenyewe na kuuziba kwa ndani. Na pasipo vifaa hivyo, au ikishindikana, ndipo mpasuaji hufunga mshipa kwa mkono wake.

Kuna watu wengine wanaovilia ukutani bila hata kupigwa na gogo. Ni wale wanaotumia dawa za kuzuia damu isigande, kama warfarini. Dawa hii ilitokana na ng'ombe: katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Amerika ya Kaskazini walikuwa wakifa kwa kutoka damu baada ya kula majani yaliyoota ukungu. Chuo cha Wisconsin kikaitafuta sumu yenyewe, mwaka 1948 dawa iliyoundwa kutokana nayo ikauzwa kuua panya, na mwaka 1954 ikaidhinishwa kwa binadamu, kwa kipimo. Imeokoa wagonjwa wengi wa moyo. Lakini mtu anayeimeza, kikohozi kikali tu kinatosha kumpasulia mshipa wa ukutani. Huyo akisema tumbo limevimba ghafla, asingojwe mpaka kesho, na daktari aambiwe dawa anazotumia.

Siku ya tatu tumbo la ami lilibadilika rangi. Kitovu kikawa buluu, kisha zambarau ikateremka mpaka kinenani. Bibi alisema, “Hili si gogo. Mwanangu kapigwa na kitu.” Jamaa wawili wakaanza kutaja majina ya waganga. Ni rangi ile ile aliyoieleza Thomas Cullen wa Baltimore mwaka 1918 kwa kitovu, na Grey Turner wa Uingereza mwaka 1920 kwa mbavuni: damu iliyojificha inatafuta njia kuja juu ya ngozi, nayo huchukua siku kufika. Inaweza kuwa damu ya ukutani, inaweza kuwa ya ndani, ndiyo maana daktari hutaka kuiona. Yule mama alikwisha kutuambia mapema kwamba rangi itakuja. Kwa kuwa alituambia, hatukukimbia. Uvimbe ulichukua zaidi ya miezi miwili kwisha.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama ikienda Pemba, imebeba watu kupita kiasi. Waliookolewa na waliokufa waliletwa pwani yetu ya Nungwi. Zaidi ya 200 walikuwa maiti. Ami alikuwa mmoja wa waliotoka na mashua alfajiri ile, na hapendi kuisimulia. Lakini pale spitalini, amelala, aliniambia hivi: “Siku ile nilijifunza kwamba anayepiga kelele ana pumzi. Mwangalie aliyenyamaza.” Nikakumbuka alivyokaa mchangani, kimya, na watu wakisema kapona.

Basi, ndugu yangu, akipigwa mtu tumboni akanyamaza, usimshukurie mapema. Mlaze. Usimchue, usimkande kwa moto, usimpe chakula wala asprini. Akipauka, akitoka jasho baridi, moyo ukamwenda mbio, kichwa kikizunguka, tumbo likawa gumu, bega likamwuma bila sababu, au mkojo ukawa na damu, usiulize nani wa kumwamini. Tafuta gari. Na hata dalili hizo zisipokuwapo, pigo kubwa ni la kupelekwa spitali. Ile habari ya kunyanyua kichwa mwachie daktari. Nimeieleza ili uijue, si ili uitumie kumbakisha mtu nyumbani.

Nina muswada wa riwaya mezani, umefika ukurasa wa 140. Mna baharia ndani yake anayepigwa na foromali tumboni, anatema mate, anaamka na kumfukuza adui yake mpaka Kendwa. Nilimponya kwa mistari minne. Nadhani sisi tunaojifunza kuandika tumewaponya wengi namna hiyo, kwa sababu damu yao haionekani. Ukurasa ule nimeuchana.

Ami alipotoka spitali alimuuliza daktari swali moja tu, nami nilikuwapo. Aliuliza kama mtu aliyeanguka juu ya mnazi, akachuliwa siku mbili, aliuawa na mnazi au na mikono. Daktari alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, “Kaka, aliyemchua alikuwa anajua mangapi?” Ami akasema, “Hakuwa anajua kitu.” Akamjibu, “Basi mwambie alifanya alilofundishwa. Na wewe umefanya zaidi, umekataa.”

Tuliporudi Nungwi, bibi alikuwa ameweka maji jikoni. Ami akamtazama. Bibi akasema, “Ya chai, mwanangu.”